Rozi Ali na Mdogo Wake Kambani

Watoto wa kijiji chetu cha Khasurgond wa siku hizi wanadhani mume wangu ni bubu. Wanampita pale ukutani anapoota jua, "Salaam aleikum, babu," naye anaitika kwa kichwa tu, wanaenda zao. Nikiwasikia wakisema "yule mzee mkimya" natamani kuwarushia kiatu. Mkimya! Mimi sikuolewa na mtu mkimya. Niliolewa na Rozi Ali, mdomo wa kijiji kizima. Siku ya harusi, nimeingizwa ndani nimefunikwa shela mpaka miguuni, yeye akawauliza kaka zangu mbele ya sheikh, "Huu ni mzigo wa mpagazi mmoja au wawili?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikamfinya paja chini ya shela, akapiga ukelele, wakazidi kucheka. Tukaanza maisha hivyo.

Kazi yake ilikuwa ile ya wanaume wetu wote. Kiangazi anabeba mizigo ya wageni wanaokwenda kupanda milima ya barafu, miezi mingine yuko na shayiri na mbuzi wake. Alianza kubeba hata ndevu hazijaota, na kwa sababu alikuwa na nguvu na hakuwa mwizi, wakamfanya mnyapara. Mnyapara ndiye anayeshika mizani asubuhi, ile ya ndoano, akimpimia kila mpagazi mzigo wake. Wapo waliokuwa wakiwazidishia wenzao kilo ili wawafurahishe wageni. Rozi hakufanya hivyo hata siku moja, na akina mama wengi hapa kijijini walimwombea dua kwa ajili hiyo.

Lakini mtu mwenye mizani mkononi na mdomo ule, lazima atafute cha kuchezea. Mwaka mmoja Hakim wa kinuni aliteleza mwambani, akabaki kwenye kamba, wenzake wakamvuta juu kwa mikono. Waliporudi, Rozi alifunga mizani kwenye mti wa goli katika uwanja wa polo, akamtundika Hakim kwa mkanda wake wa kiunoni, akatangaza: "Mzigo huu! Unga wa ngano, kilo sitini na kitu, umelowa kidogo upande wa chini!" Mabibi vizee walicheka huku wameshikana wasianguke. Nami nilicheka, nisijifanye mtakatifu.

Basi ikawa ada. Mwanamume akikwama kambani, akitaka kuvutwa, sharti apige kelele aseme, "Nivuteni, mimi mzigo." Akirudi kijijini anapimwa uwanjani mbele ya watu. Kwa wapagazi hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, kwamba wewe unayebeba umebebwa. Wajukuu wa Hakim mpaka leo wanaitwa wa Mzigo. Rozi alikuwa akisema mchezo ule unawafanya watu waangalie wanapokanyaga. Labda. Ila wahenga hawakukosea, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nisimseme vibaya tu. Mwaka ule wa tufani barafuni, rafiki yake Ghafur aliishiwa nguvu njiani, akaketi kwenye theluji, akasema anapumzika kidogo. Rozi alimwinua, akamzaba makofi, akamsimamisha wima na kumtembeza huku na huku mpaka kulipokucha. Wawili waliolala chini usiku ule hawakuamka. Ghafur akarudi na vidole pungufu, lakini alirudi. Tangu hapo likawa kama neno la sheria kwa wanaume wetu: aliyeishiwa nguvu asilazwe, ukimlaza umemuua. Walilisema msikitini, walilisema shambani, walilisema hata mtoto akiwa na homa, mpaka mama mkwe wangu akawafukuza kwa ufagio.

Sasa nije kwa Yawar. Yawar alikuwa mdogo wake wa mwisho. Baba yao alipofariki Yawar alikuwa bado hajui kufunga suruali, na Rozi ndiye aliyemlea, akimbeba mgongoni kila anakokwenda. Nilipoolewa nilimkuta kamasi zimemkauka mdomoni, nikamwosha. Kwa hiyo alikuwa shemeji yangu na alikuwa mwanangu. Akakua kijana mzuri, mabega haya, meno meupe, na kasoro moja tu: kununa. Ukimkosea hakwambii kitu, anafunga mdomo mpaka wewe mwenyewe uombe msamaha. Na kwenye ule mchezo wa mizani hakuna aliyewatania wenzake kuliko yeye. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafunga kwenye ndoano.

Mfereji wetu wa maji ya mashamba umechongwa ubavuni mwa jabali, juu kabisa. Pale ambapo jabali lilikataa kuchongwa, wazee walipigilia magogo na kupitisha maji juu yake. Kila theluji ikiyeyuka, mawe yanautoboa, na kila nyumba inatoa wanaume wa kuziba sehemu yake kabla shayiri haijakauka. Sehemu ya nyumba yetu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu chini ya magogo jabali linaingia ndani kama kinywa, na mtu akianguka pale anabaki hewani, hana pa kugusa.

Zamani mababu walijifunga kamba ya manyoya ya mbuzi kifuani. Ilikuwa inaumiza mbavu vibaya, na mtu akibaki kuning'inia alilia kama mwanambuzi, wenzake wakamvuta haraka wamnyamazishe. Siku hizi kila nyumba ina mkanda wa kupandia milima unaoning'inia msumarini, masalio ya safari za wageni, ule unaoshika kiuno na mapaja yote mawili. Ukining'inia ndani yake unakaa kama mtoto kwenye mbeleko. Hakuna maumivu ya kumliza mtu. Ndiyo maana wanaume wetu walikuwa wakisema aliyevaa mkanda hana haraka, yuko mikononi mwa kamba.

Mwaka mmoja, siku ya kuziba sehemu yetu ya mfereji, Yawar alishuka na mkanda, Rozi na Ghafur wakabaki juu na kamba iliyofungwa kwenye mwamba. Hayo ya mwanzo sikuyaona, nimeambiwa na wao wote wawili, na maneno yao yanalingana. Yawar alikuwa amesimama kwenye gogo akishindilia mawe na matawi, gogo likakatika. Akaanguka kidogo, kamba ikamdaka, akabaki anazunguka hewani.

"Uko mzima?" Rozi akapiga kelele.

"Mzima!"

"Umevunjika popote?"

"Aliyevunjika ni gogo!"

Wakacheka wote watatu. Rozi akasema, "Haya, sema maneno yako tukuvute."

"Maneno gani?"

"Unayajua. Umewafundisha wenzio wangapi?"

"Sisemi! Nitapanda mwenyewe."

"Utapandia nini, ndevu?"

"Mzigo ni mama yako!"

"Mama yangu si ndiye mama yako, mpumbavu we!"

Ghafur anasema alicheka mpaka akakaa chini.

Yawar alijaribu. Alipanda kamba kwa mikono, mikono ikachoka, akarudi palepale. Akajibembeza ili afikie mwamba, mwamba ukawa mbali. Mwisho akaacha, akatulia kwenye mkanda wake, miguu inaning'inia. Wale wawili wakakaa zao ukingoni wakisubiri aombe. Baada ya muda akaita, "Kaka, miguu inaingia ganzi."

"Sema maneno, ganzi itatoka!"

Hakujibu. Wakamwita tena, akainua mkono kidogo tu.

"Amenuna," Rozi akasema. "Namjua. Ghafur, nenda nyumbani kalete mizani. Akiiona atajua leo simwachi."

Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Mtu mwenye akili zake anamwondoa msaidizi wake wa pekee, wakati anajua mtu mmoja hawezi kumvuta mwanamume mzima kupita ukingo ule. Lakini haikumjia kama hatari. Kamba imefungwa, mkanda ni imara, mdogo wake amenuna. Kuna nini cha kuogopa?

Ghafur alinikuta namimina chai ya chumvi kwenye chupa niwapelekee. Alikuja anacheka peke yake kama mwendawazimu.

"Shemeji, nipe mizani! Bwana mdogo ananing'inia kama nyama buchani."

"Nani? Yawar? Kwa nini hamjamvuta?"

"Hajasema maneno."

"Na nyie mnangoja nini, apate mbawa? Hebu twende."

Nikachukua chupa na mkate wa shayiri, tukapanda. Kuna kona moja pale njiani ambapo unaliona jabali lote mbele yako. Nilitazama nikamwona. Mikono imelegea ubavuni, miguu imenyooka pamoja, haichezi, kichwa kimeinamia bega. Nikiwa natazama, kofia yake ya sufu ikamtoka kichwani ikaanguka. Nyinyi mnawajua wanaume wetu na kofia zao. Ikidondoka ataitukana, ataisindikiza kwa macho mpaka mtoni, atakuapia kwamba ilikuwa mpya. Yawar hakuinua hata kichwa.

"Ghafur," nikamwambia, "yule hajanuna."

Ghafur alitazama mara moja tu. Akaitupa mizani kwenye miiba akakimbia, nami nyuma yake nikipiga mayowe kuwaita wanaume wa sehemu ya jirani. Tulimkuta Rozi amelala kifudifudi ukingoni, akiita, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Yawar! Sitaki maneno! Yawar, sitaki, nakuvuta sasa hivi!" Alikuwa ameshajaribu peke yake, viganja vimechunika. Tukavuta sote, mimi pia, kamba ikikwama kwenye jiwe la ukingo kila mara, mtu mmoja anaitegua, tunavuta tena. Ilichukua muda, na kila alipogota mwambani sikusikia akiguna.

Tulipompitisha ukingoni uso wake ulikuwa rangi ya jivu na midomo imegeuka samawati. Lakini alikuwa anapumua. Wallahi alikuwa anapumua. Rozi akampiga makofi, "Yawar, fumbua macho! Nitazame!" Akafumbua. Akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikaanza kulia kwa furaha, nikatandika shali yangu pale kwenye jua nikasema, "Mlazeni hapa."

"Asilazwe!" Rozi akanifokea. "Unataka kumuua? Mtu akiishiwa nguvu ukimlaza umemmaliza. Ghafur, mwambie."

"Ni kweli, shemeji," Ghafur akasema. "Mimi niko hapa kwa sababu hiyohiyo."

Utabishana na nini hapo? Mtu mwenyewe aliyeponywa amesimama mbele yako na vidole vyake pungufu. Wakamsimamisha Yawar, mmoja huku mmoja kule, wamtembeze damu ichangamke. Miguu ikawa inakunjika chini yake kama kitambaa. Akazimia, wakampiga makofi, akarudi. Rozi akachukua tenga la kubebea mawe, wakamkalisha ndani yake wima, miguu ikining'inia nje, wakamfunga kwa mikanda asianguke. Ghafur na wale wanaume wote walitaka wapokezane. Rozi akakataa katakata.

"Nimembeba tangu anakojoa kitandani," akasema. "Leo nimpe nani?"

Akaondoka naye. Niliwahi kumwona Rozi akibeba mizigo, lakini sijapata kumwona akienda vile, anateremka njia ile ya mawe karibu kukimbia, na muda wote anaongea. Anamsimulia visa vya wageni, anamtukana, anamwimbia, ili asisinzie. Mimi nilikuwa nyuma, na mto wetu wakati theluji inayeyuka hauachi usikie kitu. Niliona tu kichwa cha Yawar kimeegemea shingo ya kaka yake, na midomo inacheza sikioni mwake. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, wanaongea. Baadaye kichwa kikalala begani, Rozi akamfinya mkono kwa nguvu, tukaendelea. Barabarani tulipata gari, akawekwa kiti cha nyuma katikati yetu, ameketi wima, kichwa nimekishika mimi.

Hospitalini walimpokea upesi wakaingia naye ndani. Akatoka daktari, mwanamke, binti wa mjini Skardu, bado mdogo. Akauliza imekuwaje. Rozi akamweleza yote, gogo, kamba, mkanda, tenga, hata mizani hakuificha. Daktari akauliza, "Na baada ya kumtoa, mlimlaza?"

"Hapana, daktari," mume wangu akasema, na alisema kwa fahari, Mungu amsamehe. "Hakulazwa hata mara moja. Nilihakikisha."

 Yule binti akatuambia Yawar ameshafariki, na alikuwa ameshafariki alipofikishwa pale.

Angeweza kuishia hapo. Rozi ndiye aliyemshika mkono wa koti akasema niambie, mkanda ulikuwa mzima, hana hata jeraha, amekufa kwa nini. Akatukalisha kwenye benchi, akaeleza taratibu kama mtu anayepita kwenye barafu nyembamba. Kwamba miguu ikining'inia bila kujongea, damu inateremka na kubaki hukohuko, kwa sababu kinachoipandisha ni ile misuli ya miguu tunapotembea. Moyo unapiga, lakini hauna cha kutosha cha kusukuma, na kichwa kinakosa. Mtu anahisi ganzi, kichefuchefu, jasho la baridi, kisha anazimia. "Ardhini, mtu akizimia anaanguka," akasema, "na kule kuanguka kunamponya, kwa sababu damu inarudi kichwani. Kambani hawezi kuanguka. Mkanda unamshika wima, anaendelea kufa." Wakati mwingine ni dakika chache tu, akasema, hata kwa kijana mwenye nguvu. Dawa yake ni kutomwacha. Awe na kitanzi cha kukanyaga ili asimame na kusukuma miguu, na wenzake wamtoe mara moja, hata kama anasema yuko salama. Akishatoka, alazwe chali, pumzi iangaliwe.

"Alazwe," Rozi akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na yule wa barafuni? Mbona huyu hapa?"

"Yule alikuwa anauawa na baridi na usingizi, ukamwokoa. Hili ni jambo jingine."

Ghafur aliinuka akatoka nje. Rozi akauliza lile ambalo niliomba asiulize. "Kwa hiyo ningemlaza angepona?"

"Siwezi kukuahidi," daktari akasema. "Huenda alikuwa ameshachelewa. Lakini angekuwa na nafasi."

Tukamrudisha nyumbani, akazikwa juu ya mashamba. Mama mkwe hakulia mbele za watu. Alimwita Rozi karibu, akamshika kidevu kama mtoto, akamwuliza, "Ulikuwa naye mpaka mwisho. Alisema nini?" Rozi akajibu, "Alikutaja wewe, mama. Kisha akatoa shahada." Yule bibi akashusha pumzi. Kila aliyekuja kuhani aliambiwa: mwanangu alinitaja, mwanangu alitoa shahada. Lilimshikilia neno hilo mpaka alipoiaga dunia.

Na tangu siku ile mdomo wa Rozi Ali ukafungwa. Mizani hakuna aliyekwenda kuitafuta kwenye miiba. Kila theluji ikiyeyuka anapanda kule ukingoni, hashiki kazi nyingine, anakagua mkanda wa kila kijana na kufunga kitanzi cha mguu kwa mkono wake. Anakaa akitazama miguu yao. Ikitulia kidogo tu anaamuru mtu avutwe, na ukimtukana anakuacha utukane huku unapanda. Vijana wanalalamika, "Mzee huyu anatuchelewesha, nilikuwa napumzika tu!" Hajibizani nao. Wanadhani ni uzee.

Mama mkwe alipofariki, tulimaliza arobaini yake wakati wa aprikoti. Tulikuwa juu ya paa tukizianika, mimi na Rozi tu. Miaka ilikuwa imepita hajanisemesha zaidi ya "lete" na "weka", mara akasema, "Mama amekwenda na uongo wangu."

"Uongo gani?"

"Yawar hakumtaja. Wala shahada hakutoa."

Nikaacha kuanika. Nikakumbuka ile midomo sikioni mwake. "Basi alisema nini?"

"Alisema, kaka, nilaze. Nilaze kidogo tu." Alikuwa ameshika aprikoti moja, anaipasua, anatoa kokwa, anaiweka, anachukua nyingine. "Alianza pale kwenye daraja la mto. Nikamwambia vumilia, tumekaribia. Akasema tena. Nikamfinya."

"Aliomba mara ngapi, Rozi?"

"Mpaka alipoacha," akasema. "Nami nilifurahi alipoacha. Nilidhani amepata nguvu."